Kiti Laini Si Dawa ya Maumivu ya Baiskeli
Wengi wanaoanza kuendesha baiskeli za mbio jijini Dar es Salaam huamini kwamba kiti kipana chenye sponji nene ndicho kitakachowaokoa na maumivu ya makalio. Imani hiyo ina ukweli kwa safari fupi ya sokoni, ambapo mtu huketi wima, lakini kwa anayeinamia usukani kutoka Mwenge hadi Bunju mambo hugeuka. Uzito unapaswa kubebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga. Sponji nene inapobonyea, mifupa hiyo huzama, na sehemu laini iliyo katikati hubanwa pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu, hadi ganzi ikaanza. Upana wa ziada nao huchubua mapaja, hasa kwa joto la Dar.

Anza na urefu wa kiti: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kulalia upande. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi, jambo ambalo wengi huona haya kuliuliza. Makalio kuuma kidogo wiki za mwanzo ni kawaida. Ganzi si kawaida, na ikitokea, simama kwenye pedali kwa muda, kisha ukague kama ncha ya mbele ya kiti imeinuka.