Ukitaka njia isiyo na magari, sahau kupita katikati ya mizabibu

Wadau, imetokea tena juzi. Mtu kanitumia skrinshoti ya ramani, mstari wa kijani umeshuka kutoka Beaune mpaka Mâcon, hapa hapa Burgundy, Ufaransa, ninapoongoza watu kwa baiskeli, kaandika "kaka huku si hakuna gari kabisa? na mashamba ya zabibu mwanzo mwisho?" Swali hili nimeulizwa na Wabongo wa London, Wakenya wa Ujerumani, hadi Wafaransa wenyewe, na kila mmoja anauliza akiwa keshalipia hoteli. Naandika leo, atakayefuata namtumia linki.

Njia isiyo na magari ipo. Njia inayopita ndani ya mizabibu ipo. Zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kilomita za maana, ni nadra, na hapo hakuna mtu wa kulaumu kwa sababu ni mambo ya ardhi tu.

Njia zisizo na magari huku nyingi zimetokana na vitu viwili, reli zilizokufa na kingo za mifereji walikokuwa wanapita farasi wakivuta mashua. Reli haipendi mlima. Mfereji ndo kabisa, ukiupandisha kidogo tu inabidi ujenge milango ya maji na kila mlango ni pesa, ule mfereji wa Burgundy wenye kilomita 242 una milango 189, hebu piga hesabu. Kwa hiyo wajenzi walitafuta bonde wakalifuata. Sasa mzabibu wa hapa hautaki bonde, maji yanatuama, halafu usiku wa Aprili hewa ya baridi inateremka inakaa huko chini inaunguza machipukizi, wenyewe unataka mteremko, katikati ya kilima, udongo wa chokaa usioshika maji. Aliyezoea zabibu za Dodoma kwenye tambarare anashangaa kidogo. Matokeo yake ukiwa kando ya mfereji unaiona mizabibu kule juu kwa mbali, wewe uko na bata, wavuvi na kivuli. Ni pazuri sana ila sipo ulipopaona kwenye picha.

Na kule kwenye picha ni barabara ya shamba, ina wenyewe.

Chukua huo mstari wa Beaune–Mâcon. Kipande cha kwanza Beaune mpaka Santenay, kilomita 20 na kitu, kinaitwa Voie des Vignes, unapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet, vijiji ambavyo chupa zake mimi na wewe tunazitazama dirishani tu. Ni vinjia vya zege na lami kati ya kuta za mawe, gari la mtu baki halitakiwi, lakini mwenye shamba anapita, na mwenye shamba wa huku hana msimu wa kulala. Majira ya baridi wanapogoa, masika ya huku wanalima na kufunga matawi kwenye waya, kiangazi wanapiga dawa na kukata majani, Septemba ndo mavuno na hapo usiniambie habari ya utulivu, ni vani za wachumaji na matela ya zabibu toka asubuhi.

Trekta zao nazo naomba uzielewe kabla hujakutana nayo. Huku mistari ya mizabibu imebanana, karibu mita moja tu kati ya mstari na mstari, trekta ya kawaida haipiti. Kwa hiyo wana trekta ndefu ya kwenda juu, inapanda juu ya mstari, magurudumu upande huu na upande huu, mizabibu inapita chini ya tumbo lake na dereva amekaa kule juu kama mtu aliyepanda ngamia. Ikifika mwisho wa mstari lazima itoke kwenye njia ndiyo igeuze kuingia mstari wa pili, na njia yenyewe ni hiyo uliyopo wewe na kaptula yako ya baiskeli. Anayetakiwa kusubiri ni wewe. Kuna mteja alianza kumfokea dereva, eti "hii ni njia ya baiskeli", yule mzee akazima injini, akamwangalia, akawasha tena akaendelea na kazi. Mimi nilikuwa upande wa mzee. Ikishapita inaacha udongo wa mfinyanzi umechapwa alama za tairi juu ya zege, ukikauka hauna neno, mvua ikinyesha unateleza vibaya hasa kwenye kona, na kona huko ni za digrii 90 kwa sababu zinafuata mipaka ya mashamba. Halafu vipande vya waya. Pancha nyingi ninazoziba kwenye kipande hiki ni waya.

Kuanzia Santenay unashuka kwenye mfereji wa Centre, unaufuata kuelekea Chalon-sur-Saône, hapo ndo pametulia, na mizabibu inabaki nyuma. Kutoka Chalon unaingia Givry, na Givry ndo kuna ile bahati ninayowaambia watu wote waikimbilie. Reli ya zamani kwenda Cluny iliwekwa chini kabisa ya vilima vya Côte Chalonnaise, kwa hiyo kwa kilomita kadhaa, Givry mpaka kama Buxy hivi, una lami safi, hakuna gari, na mizabibu iko pale pale mkono wa kulia. Ndiyo njia ya kwanza ya aina hii Ufaransa nzima, ilifunguliwa 1997, kilomita 44 mpaka Cluny. Baada ya Buxy mizabibu inapungua, inakuja misitu na ng'ombe weupe. Wengi hawaambiwi hilo.

Kusini ya Cluny kuna tunnel ya Bois Clair, kilomita 1.6, ina taa, ina baridi hata Agosti, na wakati wa majira ya baridi inafungwa kwa ajili ya popo waliolala. Popo! Ndiyo. Mnaokuja Novemba mtapanda kilima, msinipigie simu.

Sasa alama, maana ramani zinapaka vyote rangi moja. Ukiona kibao cha mraba cha bluu chenye mtu anayetembea, baiskeli na farasi, hapo sheria iko upande wako, vyombo vya moto haviruhusiwi, isipokuwa gari la huduma la wenye mfereji ambalo linakuja taratibu kukata nyasi. Ukiona kibao kidogo cheupe na kijani chenye baiskeli na jina la ruti, hicho kinakuonyesha unakoelekea basi, hakikuahidi kitu kuhusu magari. Loire à Vélo, ruti inayofuata mto Loire kilomita kama 900, ni ya namna hiyo, sehemu nyingi ni barabara ndogo juu ya tuta la mto ambazo watu wa kijiji wanazitumia kwenda kununua mkate. Ni salama, naipenda, ila gari utaliona.

Na hapo Loire acheni hii hadithi ya "nitashuka na mto, ni mteremko". Nevers, ruti inakoanzia, iko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, gawanya kwa hizo kilomita unapata sentimita 20 na ushee kwa kila kilomita, mguu wako hautajua. Utakachokijua ni upepo, unatoka magharibi, baharini, kwa hiyo anayeshuka na mto anakula upepo wa mbisho wiki nzima. Mto Rhône ni kinyume, upepo wa huko, mistral, unavuma kushuka kusini, huko shuka na mto bila kujiuliza.

Wenye roadbike tairi milimita 25: ulizeni lami kwanza, magari baadaye. Mfereji wa Garonne, Toulouse kwenda upande wa Bordeaux, kilomita 193, lami karibu yote, raha. Mfereji wa Midi una lami kutoka Toulouse kama kilomita 50, halafu ni changarawe na mizizi, na hakuna gari hata moja na utatamani lingekuwepo likubebe. Karibu na Bordeaux kuna njia ya Roger Lapébie, reli ya zamani yenye lami, imepewa jina la bingwa wa Tour de France ya 1937, mwaka wa kwanza waendeshaji kuruhusiwa gia za kubadilisha mnyororo. Imo ndani ya Entre-Deux-Mers, eneo la mvinyo, lakini tena, miti mingi kuliko mizabibu.

Kuna jambo halinikai sawa na nalisema. Vitabu vinasema njia isiyo na magari siku zote ni salama kuliko barabara. Kwa familia nakubali. Kwa anayekwenda 30 kwa saa, Jumapili mchana, kati ya watoto wa magurudumu matatu, mbwa wenye kamba ndefu na yale mageti membamba kila njia inapokatiza barabara, sijui. Majeraha niliyofunga mimi mengi ni ya mbwa na mageti. Jumanne asubuhi mtu kama huyo nampeleka kwenye barabara ndogo ya wilaya juu ya Volnay, tunapishana na magari machache tu, na bado sina moyo wa kuliandika hilo kwenye brosha.

Mwisho mvinyo. Kiwango cha pombe kwa mwendesha baiskeli ni kile kile cha dereva, gramu 0.5 kwa lita ya damu, faini yuro 135. Kwenye kuonja mvinyo kuna ndoo ya kutemea, temeni, hakuna atakayenuna. Ikishindikana, treni za mkoa, TER, zinapita Beaune, Chalon na Mâcon na zinabeba baiskeli, ila nafasi ni chache na Jumamosi za kiangazi zinajaa, wahini stesheni mapema.