Udi wa Marehemu Uende kwa Nani? Maelezo kwa Familia za Wanamuziki wa Taarab

Mwanamuziki wa taarab anapofariki, nyumba hushughulika kwanza na mazishi, kisha hitima, kisha madeni, na ala zake hubaki zimening'inia ukutani au zimesukumwa uvunguni mwa kitanda mpaka watu watulie. Hilo ni jambo la kawaida na hakuna wa kulaumiwa. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na uhifadhi wa ala za muziki hapa Zanzibar tumeona mara nyingi kwamba hatima ya udi au ganuni, zote ala za nyuzi, huamuliwa katika miezi hiyo ya mwanzo, wakati ambapo hakuna aliyekusudia kuamua lolote: mtoto mmoja huichukua ala kwa kumbukumbu ya mzazi wake, rafiki huiazima na asiirudishe, au mnunuzi wa vitu vya kale hupita na kutaja bei ambayo wafiwa hawana namna ya kuipima. Maelezo haya yanahusu njia ya kuzikabidhi ala hizo kwa wenyewe wapya, nami nasema mapema msimamo wangu: ala iliyopigwa maisha yote inastahili, kila inapowezekana, kwenda kwa mtu atakayeendelea kuipiga.

Kabla ya kumtafuta mtu huyo, ala yenyewe inahitaji kulindwa. Ganuni ya Kiarabu huwa na nyuzi zinazokaribia 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja linalozibeba limekalia vipande vya ngozi, mara nyingi ngozi ya samaki. Ngozi hiyo hulegea hewa inapojaa unyevu, kwa hiyo wakati wa masika daraja huzama kidogo na ala nzima hupotea sauti. Mpigaji akiwa hai huliona hilo kila siku na kulirekebisha kila siku. Akiondoka, ganuni hubaki peke yake na hewa ya bahari, na udi vilevile, ambao uso wake ni ubao mwembamba uliogandishwa kwa gundi isiyopenda joto wala majimaji. Legezeni nyuzi kidogo, zote kwa kiasi kimoja, bila kuzitoa. Iwekeni ala ndani ya boksi lake, mbali na ukuta wa nje, mbali na sakafu na mbali na dirisha linalopigwa na jua. Mkiona unga laini wa mbao chini yake, huyo ni bungua, mdudu mla mbao. Itengeni na ala nyingine na mwiteni fundi wa ala siku hiyo hiyo.

Ombi letu kubwa kwa familia ni kwamba msiisafishe ala kwa nia ya kuipendezesha. Chukueni tochi na mmulike ndani ya udi kupitia tundu lake la uso. Mara nyingi mtaona kikaratasi kilichobandikwa ndani ya tumbo, chenye jina la fundi, mji na mwaka, pengine kwa maandishi ya Kiarabu yaliyofifia. Kipigeni picha, wala msikiguse kwa kitambaa. Juu ya uso, karibu na pale risha, kijiti cha kupigia nyuzi, inapopita, kuna sehemu iliyochubuka na kuwa nyeusi kwa miaka mingi ya mkono mmoja. Tumewahi kupokea udi ambao sehemu hiyo ilikuwa imesuguliwa kwa msasa na kupakwa vanishi ya makabati, kwa mapenzi makubwa ya wafiwa waliotaka uonekane mpya. Vanishi nzito huufanya uso uwe mgumu na sauti ife, na alama za mpigaji zikishaondolewa hazirudi tena.

Baada ya hapo linakuja swali ambalo familia nyingi hulisahau: je, ala hii ilikuwa mali ya marehemu? Vikundi vya taarab vya Zanzibar ni vya zamani. Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na katika vikundi vya namna hii si ajabu ala kununuliwa kwa michango ya wanachama au kuletwa na mfadhili, kisha ikakaa nyumbani kwa mpigaji kwa miongo kadhaa hadi watoto wakaamini ni ya baba yao. Waulizeni viongozi wa kikundi mapema na kwa heshima, na waonyesheni ala yenyewe. Mgogoro wa aina hii umewapata hata watu wenye mawakili. Mpiga gitaa wa Marekani Jerry Garcia alipofariki mwaka 1995, wasia wake uliagiza magitaa yaliyotengenezwa na fundi Doug Irwin yarudishwe kwa fundi huyo. Wenzake wa bendi ya Grateful Dead wakadai kwamba magitaa hayo yalikuwa mali ya bendi. Walikwenda hadi mahakamani, wakapatana mwaka 2001 kwa kugawana, na mwaka uliofuata Irwin akayauza kwa mnada yale aliyoyapata. Mstari mmoja wa maandishi kuhusu nani aliyeyagharimia ungewapunguzia watu hao miaka ya uchungu.

Ikithibitika kwamba ala ni ya marehemu, basi ni sehemu ya mirathi kama mali nyingine. Kwa familia za Kiislamu, gharama za mazishi na madeni hutangulia, kisha wasia usiozidi theluthi moja ya mali na usiomlenga mrithi isipokuwa kwa ridhaa ya warithi wengine, ndipo mafungu yagawiwe. Kwa kuwa udi haukatiki mafungu, warithi huafikiana mmoja auchukue na thamani yake ihesabiwe katika fungu lake, au uuzwe na fedha zigawiwe, au wote kwa ridhaa yao waamue kuutoa. Hapa nasisitiza: fungu la mtoto ambaye hajabaleghe haliwezi kutolewa zawadi na wakubwa zake, hata zawadi iwe na kusudi jema kiasi gani. Zanzibar, mahali pa kuuliza ni Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tanzania Bara, msubirini msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama kabla ala haijatoka nyumbani. Wanaofikiria kuiweka ala wakfu wamwone kadhi kwanza, kwani wanazuoni wametofautiana kuhusu ala za muziki.

Nani basi apewe? Mtoto anayepiga ana haki ya kufikiriwa kwanza, lakini mtoto asiyepiga hatendewi wema kwa kukabidhiwa ganuni itakayomlaumu kila anapoitazama. Mara nyingi mrithi wa kweli wa ala ni mwanafunzi aliyekaa miaka pembeni ya marehemu, anayejua alivyokuwa akizipanga sauti zake na nyimbo alizozipenda. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimekuwa kikifundisha udi, ganuni na fidla mjini Unguja, ni mfano wa mahali ambapo ala nzuri huhitajika kuliko zinavyopatikana. Makumbusho ninayaheshimu, na ala dhaifu isiyoweza tena kubeba mvuto wa nyuzi inafaa iende huko. Ala nzima, hata hivyo, huzidi kuwa nzima ikipigwa. Niccolò Paganini, aliyefariki mwaka 1840, aliuachia mji wake wa Genoa fidla yake iliyotengenezwa na Guarneri del Gesù mwaka 1743, na mji huo, pamoja na kuilinda kama hazina, huitoa ipigwe na wanamuziki walioshinda mashindano yenye jina lake.

Njia nitakayoipendekeza kwa familia isiyo na uhakika ni kuazimisha kwa maandishi kabla ya kutoa moja kwa moja. Karatasi moja inatosha, iseme ala ni ya nani, inaazimwa kwa muda gani, nani ananunua nyuzi, nani analipa ikivunjika, kama inaruhusiwa kusafiri, na kwamba haiuzwi wala haipakwi rangi bila ruhusa. Mkiona baada ya mwaka mmoja au miwili kwamba imepata mkono wake, fanyeni makabidhiano kamili. Pamoja na ala toeni kila kilichoambatana nayo: boksi, risha, daftari la nyimbo, picha, kanda za marehemu akiipiga.

Ikiwa mpokeaji yuko Muscat, Dubai au London, angalieni ala imetengenezwa kwa nini. Risha za zamani na mapambo ya udi huweza kuwa ya gamba la kasa aitwaye ng'amba au ya pembe ya ndovu, vitu ambavyo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na forodha hawatajali kwamba ni vya marehemu. Tafuteni kibali, au risha hizo zibaki nyumbani.

Kwa wanamuziki walio hai ambao wanasoma maelezo haya, andikeni sasa, kwa kila ala, ilipatikana vipi, ni yenu au ya kikundi, na mngependa ipigwe na nani. Wekeni sahihi mbele ya mashahidi wawili, nakala moja mpeni katibu wa kikundi na nyingine iwekeni ndani ya boksi la ala.