Gundi Kali Ndiyo Iliyoliua Gita Lako

Jumatatu ya wiki iliyopita alinijia mwalimu mmoja wa kwaya na gita lililofungwa kwa kitenge. Akalilaza mezani, akafungua fundo, akasema kwa fahari: “Fundi, shingo ilikuwa imeachia, lakini nimeshaimaliza mwenyewe. Nimetia ile gundi kali ya mirija miwili, epoksi, na msumari wa inchi tatu kwa usalama. Wewe niteremshie nyuzi tu.”

Nikaomba maji ya kunywa kwanza.

Huyo ni wa tatu tangu mvua zianze. Wateja wangu wengi hapa Nsambya, Kampala, ni Wakongo wa makanisani, Wakenya wa bendi, na wazee waliokulia kambi za jeshi za Bombo na Jinja. Tukikutana ni Kiswahili, basi naandika kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

“Gundi kali ndiyo bora. Ile ya ngozi ni ya kizamani, mvua ikija inayeyuka.”

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote ninayoambiwa na wateja.

Gundi ya ngozi, ambayo maseremala wa zamani waliiita sherisi, hupikwa kutokana na ngozi ya ng'ombe. Mteja akisikia hivyo huanza kucheka. Anataka ya dukani, yenye picha ya tembo au ya gari linalovutwa kwa kamba. Sawa, hebu tuulizane: gundi ikiwa ngumu kuliko mbao, siku ya kuvunjika kitavunjika nini? Mbao. Gita lililoangushwa likiwa na gundi ya ngozi mara nyingi hufunguka pale pale lilipounganishwa, nami nalirudisha kwa nusu siku. La mirija miwili hupasuka katikati ya ubao, na kipande cha uso, yaani ule ubao wa mbele, kinabaki kimeganda kwenye shingo. Hapo tunaanza kuongea bei nyingine.

Na gita lazima lije kufunguliwa. Hilo watu hawalijui. Nyuzi sita za chuma za saizi ya kawaida zinavuta kwa pamoja kilo 70 na ushei, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Baada ya miaka ishirini au thelathini uso huvimba nyuma ya daraja (kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi), gogo la ndani linaloshika shingo hulala kidogo, na shingo huinamia mbele. Nyuzi zinapanda juu mpaka vidole vinalia. Huo ni umri, si ugonjwa. Waliotengeneza magita mazuri ya zamani walilijua hilo, ndiyo maana shingo waliichongea ulimi, wakauingiza kwenye tundu la gogo, wakatia gundi inayokubali kuachia ikiombwa vizuri.

Kuiomba kwenyewe ni hivi. Kwa gita ambalo shingo yake hukutana na mwili kwenye freti ya 14 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole), nang'oa freti ya 15, natoboa tundu dogo kwenye mfereji wake mpaka kwenye uwazi ulio nyuma ya ulimi, kisha napuliza mvuke kwa bomba la mpira kutoka kwenye sufuria ya presha. Ule mwisho wa ubao wa vidole uliolala juu ya uso naupasha moto na kuupitishia kisu chembamba. Dakika chache baadaye shingo inatoka mkononi, nzima, na gundi inachuruzika kama uji. Nafuta kwa kitambaa cha maji moto, nangoja mbao ikauke vizuri, kisha napunguza mbao kwenye kisigino, pale mguu wa shingo unapoegemea mwili. Na hesabu yake ni tamu: ukiondoa milimita 1 tu kule chini ya kisigino, mstari wa freti unapanda kama milimita 3 ukifika darajani, na nyuzi zinashuka kama milimita moja na nusu pale kwenye freti ya 12. Milimita moja! Ndiyo tofauti kati ya gita linaloumiza na gita linaloimba.

Sasa leta mvuke huo kwenye gundi ya mirija miwili. Hauiyeyushi. Gundi ile imejaza kila nafasi ya ulimi na tundu, imekuwa jiwe. Kilichobaki ni msumeno. La mwalimu nimelikata. Msumari nao ulikuwa umepasua gogo la ndani, na gogo hilo sharti nilichonge upya. Kazi ya siku mbili imekuwa ya wiki mbili, na bado yeye ndiye anayelalamika bei.

Ama hilo la mvua: gundi ya ngozi iliyokauka haiachii kwa sababu mawingu yamekusanyika juu ya Kampala. Inataka joto na maji kwa pamoja, na kwa muda. Fidla za Stradivari, fundi wa Italia aliyefariki mwaka 1737, ziliunganishwa kwa gundi ya jamii hii na mpaka leo zinapigwa jukwaani. Unachokiona msimu wa mvua ni kitu kingine. Uso wa gita hunywa unyevu, huvimba, hulibeba daraja juu, na nyuzi hupanda. Likija kavu la Januari nyuzi zinashuka. Mteja anaona nyuzi zimepanda, anasema gundi imeyeyuka, anakimbilia duka la vifaa vya ujenzi.

Nakiri jambo moja. Gita likikaa majini usiku kucha, gundi ya ngozi itafunguka. Niliwahi kuletewa moja kutoka Bwaise baada ya mafuriko, lote vipande ndani ya gunia: uso, mgongo, mbavu za ndani, kila kimoja peke yake. Nilifurahi. Kila kipande kilikuwa kizima, na kuliunganisha ilikuwa kama kupanga sahani kabatini.

Kuna sifa mbili ambazo gundi nyeupe ya maseremala haina. Kwanza, gundi ya ngozi haitambai. Gundi nyeupe ikivutwa muda mrefu, hasa ndani ya gari lililoegeshwa juani, hulegea na daraja husogea polepole bila wewe kuona, mpaka siku unapigia misa gita lisilokubali kutulia kwenye sauti. Pili, gundi mpya ya ngozi hushikana na ile ya zamani, huiamsha. Gundi nyeupe haishiki juu ya mabaki yake yenyewe. Lazima ukwangue yote, na ukikwangua unakula mbao. Gundi ya njano ya mbao ni afadhali, viwanda vingi vinaitumia, sina ugomvi nayo sana. Supagluu nayo ina kazi yake: kushika freti iliyolegea, kujaza mfereji wa uzi uliochimbika kwenye mfupa wa kichwani. Kwenye daraja na shingo isiguse.

Kwa nini gundi ya ngozi inashika namna ile? Nenda Nebbi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ukawaone Waalur wanavyotengeneza adungu, kinubi chao. Ngozi huvalishwa ikiwa mbichi, ikafungwa kwa kamba. Ikikauka inajivuta mpaka inalia ukiigonga. Ngoma ni vivyo hivyo. Gundi hii ni ngozi ile ile iliyopikwa. Inapoganda na kupoteza maji hujikunja, na hivyo huvuta mbao mbili zikumbatiane zaidi ya jiliwa, kile chombo cha kubania mbao, lilivyozibana.

Kuipika si uchawi. Chembe za gundi sehemu 1, maji baridi karibu sehemu 2 kwa uzito, ziloweke mpaka zivimbe. Kisha bakuli ndani ya sufuria ya maji juu ya sigiri, joto nyuzi 60 za Selsiasi, lisipite 70. Wengi huiharibu hapa: wanaichemsha kama chai, halafu wanasema haishiki. Ikichemka imekufa, imwage. Ichuruzike kutoka kwenye brashi kama asali nyepesi. Pasha mbao zote mbili kabla ya kupaka, na andaa majiliwa yote mapema, kwa sababu una dakika moja hivi, ukibahatika mbili. Simu izime. Iliyobaki usiiache mezani. Siku ya tatu jirani atakuuliza ni mnyama gani amekufia ndani.

Usipopata chembe za gundi, jelatini ya waoka keki isiyo na ladha ni ndugu yake wa tumbo moja na inafanya kazi. Nimesema isiyo na ladha. Kijana mmoja aligundisha daraja kwa ile nyekundu ya stroberi. Lilishika siku mbili, na sisimizi wakahamia.

“Nyuzi ziko juu, kaza chuma cha shingo.”

Hawa nao huja na alenki mfukoni, wameshaizungusha mpaka nati imelia. Chuma kilicho ndani ya shingo kina kazi moja: kuzuia shingo isipinde kama upinde. Hakiteremshi nyuzi, na hakijui chochote kuhusu pembe ambayo shingo imeingilia mwilini.

Pima kabla ya kushika spana. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7. Inatakiwa milimita 0.2 hadi 0.3, unene wa kadi ya biashara. Ikiwa pana zaidi, legeza nyuzi, kaza nati robo mzunguko, rudisha nyuzi, pima tena. Robo, si mbili. Ikiwa nafasi hiyo ni sawasawa na bado nyuzi ziko juu, basi tatizo lako haliko kwenye chuma. Chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti ielekee darajani. Ncha yake ikipita sawa na juu ya daraja, shingo iko sawa, tatizo ni mfupa wa daraja tu, ule unaonyanyua nyuzi. Ikijigonga kwenye ubavu wa daraja, chini ya ukingo wake, shingo inataka kutolewa, rudi kwenye maelezo ya mvuke.

Na kuna wasiopata hata pa kukazia. Afande mmoja mstaafu wa Bombo aliniletea gita la urithi la Martin, kampuni ya Marekani, amechungulia kichwani, amechungulia ndani ya tundu la sauti, hakuona nati, akaamua ameuziwa feki. Siyo feki, mzee. Chuma cha kukaza kilibuniwa na Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson, aliyepata hataza yake mwaka 1923, lakini Martin hawakuanza kuweka cha kukazika kwenye magita yao ya nyuzi za chuma mpaka 1985. Yaliyotangulia hayana. Magita ya klasiki ya nyuzi za nailoni kwa kawaida hayana mpaka leo, na mengi ya hayo shingo yake imejengwa pamoja na mbavu za mwili, kwa hiyo hata kuitoa kwa mvuke haiwezekani.

Hapo naingia kwenye jingine, fupi lakini baya: “Nyuzi za chuma zinatoa sauti kubwa, nimezifunga kwenye la nailoni.” Seti ya nailoni inavuta kilo 40 hivi. Umeongeza karibu mara mbili. Daraja litang'oka na tabaka la mbao ya uso, na hakuna gundi, ya ngozi wala ya mirija, itakayokusaidia. Wapigaji wengi wa kadongo kamu, muziki wa Waganda wa gita moja, walikuwa na gita moja tu la kuwalisha nyumba nzima. Wewe hilo moja unalipasua kwa hiari yako.

“Limenyeshewa, nimelianika juani.” Mihogo ndiyo inayoanikwa juani. Gita lifute, legeza nyuzi, lilaze chumbani penye hewa siku kadhaa. Likikaushwa haraka, uso unapasuka kufuata nyuzi za mbao.

“Ufa nimeupaka vanishi.” Umeficha ufa, hukuuziba, na sasa gundi haitapenya.

“Kichwa kimevunjika, basi limekufa.” Hapana! Huu ndio msiba rahisi kuliko yote, mradi usiuguse. Mvunjiko mpya una meno yake, na meno hayo yanaingiana yenyewe. Legeza nyuzi, vipande vyote hata vile kama njiti ya kiberiti vitie kwenye kavera (mfuko wa plastiki), uniletee hivyo hivyo. Usipige msasa, usijaribu supagluu kidogo uone kama itashika.

Gita la mwalimu litakuwa tayari Jumamosi, shingo mpya ya ulimi, gogo jipya la mvule, gundi ya ngozi. Jana alipita kulitazama likiwa kwenye majiliwa. Akalizunguka mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaniinamia sikioni: “Na msumari mdogo, fundi? Huwezi kuniwekea hata mmoja?”