Chakula cha ndegeni kukosa ladha si kosa la mpishi

Watu wamezoea kusema abiria wa ikonomi (daraja la bei nafuu) wanapewa chakula cha ovyo makusudi, siyo kweli jamani. Safari ndefu kama Nairobi–London unapata mlo wa moto bila kulipa ziada, umepikwa chini, ukapoozwa, huko juu wanapasha tu kwenye oveni. Ishu ni hewa: presha ya ndani ni kama uko mlimani mita 1,800 mpaka 2,400, unyevu mara nyingi chini ya asilimia 20, pua inakauka, na pua ikikauka ulimi peke yake haufiki mbali, chumvi na sukari zinapungua makali. Ila juisi ya nyanya inapanda utamu (ajabu kweli), Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, walishangaa inavyoagizwa hadi wakawapa watafiti wa Fraunhofer, taasisi ya utafiti ya hukohuko, wachunguze. Ukipewa chaguo, chukua chenye mchuzi na viungo.