Kusoma kwa Taabu Si Kuamini Kila Neno

Hapa Lamu husemwa: asiyesoma vizuri hufuata anachoambiwa. Si kweli. Disleksia ni ugumu wa kuunganisha sauti na herufi. Mara nyingi hurithiwa, na mtu huwa nayo hata ukubwani. Si kipimo cha akili. Namjua fundi wa majahazi ambaye mstari mmoja wa gazeti humtoa jasho. Lakini uvumi ukizuka barazani Mkunguni, mbele ya ngome, yeye ndiye huuliza: nani kasema, naye kajuaje? Darsa huisikiliza simuni mara tatu, kisha humwendea shehe na swali lake. Msimamo wake kuhusu mahari aliubadili hivyo hivyo, kwa kusikiliza na kubishana. Kinachomchelewesha ni ukurasa tu (na aibu ya kuchekwa darasani, ambayo hajaisahau).