Kitalu nyumba juu ya paa: hapa Kigoma adui ni joto

Kiangazi kikiwa ukingoni, kijana mmoja wa mtaa wa Mwanga, hapa mjini, alitufuata ofisini na trei ya miche mkononi. Nyanya, siku kumi na mbili tangu ziote, zote zimelala chini, majani yamelegea na kuwa meusi meusi kama mchicha ulioepuliwa sasa hivi. Alitaka dawa ya kupulizia. Nikamuuliza miche ilikuwa wapi. Juu ya paa, akasema, kwenye kitalu nyumba alichokijenga mwenyewe kwa mirunda na nailoni, na amekifunga pande zote "mdudu asipate pa kupita".

Tuliondoka naye. Saa nane mchana nilining'iniza kipimajoto kwenye mrunda wa katikati, nikakaa nje kivulini kusubiri. Pale nilipokaa palikuwa na nyuzi 30. Ndani, nyuzi 47. Miche haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imepikwa.

Ramani ya kile kitalu aliitoa kwenye video za watu wa nchi za baridi, na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mkulima wa Uholanzi anajenga nyumba ya kioo kwa sababu nje kuna theluji. Jua linapenya, linapasha udongo na mimea, na hewa iliyopata moto inanaswa humo humo. Anachonunua ni joto. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini. Joto tunalo la bure, tena la kumwaga. Tunachokosa ni kinga dhidi ya vitu vitatu: mvua inayolowesha majani kwa miezi mfululizo, wadudu, na jua kali la mchana kwa miche michanga. Kitalu nyumba cha Kigoma kiwe mwavuli wenye chandarua, kisiwe chungu chenye mfuniko.

Kwa hiyo nailoni inakaa juu tu. Iwe ile ya kilimo, iliyotiwa kinga ya jua, unene wa maikroni 200. Nailoni ya kawaida ya dukani itapasuka vipande vipande kabla hujamaliza msimu wa kwanza. Pande zote nne ni neti, kuanzia chini hadi juu. Kimo kisipungue mita mbili na nusu, na kileleni acha upenyo mrefu ambapo kipande kimoja cha paa kinapita juu ya kingine, kama majiko ya zamani ya nyumba zetu yalivyoachiwa moshi utokee. Hewa ya moto hupanda. Ukiipa mlango juu, inaondoka na kuvuta hewa mpya kupitia ubavuni, bila feni wala umeme. Kijana wetu alikuwa na mita moja na nusu kwenda juu na hana upenyo hata wa kidole.

Kuhusu neti niseme zaidi, kwa sababu Kigoma tuna nyavu chakavu za dagaa kila kona kuanzia Kibirizi hadi Bangwe na watu wanazitumia. Si vibaya. Zinazuia ndege na kuku. Lakini inzi weupe, wale wanaoruka kama vumbi la unga ukitikisa mche na ndio wanaosambaza virusi vya kujikunja majani, wanapita kwenye wavu wa dagaa bila kuinama. Kumzuia huyo kunahitaji neti ya wadudu yenye matundu madogo sana, ile wauzaji wa pembejeo wanayoiita mesh 50. Nondo wa kantangaze, yule ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, ni mkubwa kidogo na neti ya matundu mapana zaidi ya hiyo inaweza kumzuia, na ni wa kuzuiliwa kweli: tangu aingie nchini mwaka 2014 amewafilisi wakulima wengi wa nyanya, na jina lake la mtaani linaeleza vizuri jinsi habari zake zilivyosambaa. Kumbuka tu kwamba kadiri matundu yanavyokuwa madogo ndivyo hewa inavyopita kwa shida, na hapo ule upenyo wa kileleni unazidi kuwa wa lazima. Na vile vyandarua vyenye dawa vinavyogawiwa zahanati ni vya kulalia. Nimeviona vimefunga bustani, na mwenye bustani ana mtoto anayeugua malaria ndani.

Sasa paa lenyewe. Nyumba nyingi za hapa zimeezekwa bati, na juu ya bati hakuna kilimo. Kama ndilo ulilonalo, jenga uani na yote ninayosema yatakufaa. Ninaowalenga ni wenye zege juu, hasa zile nyumba ambazo ghorofa ya pili inasubiri fedha na nondo zimesimama angani mwaka wa saba huu. Zege la sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa inakaribia kilo 30. Weka ndoo nne katika mita moja ya mraba na tayari una kilo 120, bado hujaweka mguu wako. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani moja, imesimama mahali pamoja. Kama nyumba ilijengwa na mhandisi, muulize. Kama ilijengwa kwa makubaliano ya mdomo na fundi, panga ndoo pembezoni, juu ya kuta na mihimili, na katikati pabaki pa kupita. Tanki likae juu ya makutano ya kuta au lishuke chini kabisa. Na matuta ya udongo uliomwagwa moja kwa moja juu ya zege, kama nilivyokuta nyumba moja Gungu, yaondoe leo: sentimita 20 za udongo uliolowa ni zaidi ya kilo 300 kwa mita ya mraba, na maji yanayotuama yanaila nondo iliyo ndani ya zege polepole.

Usitoboe zege kusimika nguzo, mvua ya kwanza itakuonyesha kosa lako kwenye dari la sebuleni. Zile nondo zilizosimama ndizo nguzo zako: fungia mirunda hapo kwa waya, na miguu mingine izamishe kwenye ndoo za zege au viroba vya mchanga. Upepo wa kusini mashariki unaovuma ziwani kuanzia Mei hadi Septemba haumpi mtu taarifa. Ncha za nondo zilizobaki zivike chupa za plastiki. Ukiwa umeinama unapogolea nyanya, jicho liko usawa ule ule. Ukingo wa paa ujengwe angalau mita moja, kama kuna watoto ndani ya nyumba basi hilo litangulie kabla ya mbegu.

Zege linakula jua mchana na kulitema usiku. Ndoo zikikaa juu yake moja kwa moja, mizizi inachemka kutoka chini huku wewe unahangaika na kivuli cha juu. Zinyanyue kwa matofali au mbao, hewa ipite chini, na lipake zege chokaa nyeupe. Hiki ni kitu cha bei ndogo sana, lakini kwa yule kijana ndicho ambacho matokeo yake yalitushangaza wote wawili.

Twende kwenye mbegu. Nunua yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na uangalie tarehe. Tanya na Tengeru 97 ni nyanya zilizotolewa na watafiti wetu wa kilimo wa Tengeru, Arusha, na mbegu zake unaweza kuzitunza mwenyewe: kamua nyanya iliyoiva sawasawa, acha mbegu na ute wake zichachuke siku mbili au tatu, osha, anika kivulini. Mbegu chotara usijisumbue kuzitunza. Zitaota, ila hutapata mmea uleule. Mbegu usiyoiamini itumbukize kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kisha ipoze haraka kwenye maji ya baridi. Hii inapunguza bakteria waliojishika kwenye ganda. Lakini bila kipimajoto usijaribu, kwa sababu joto likizidi hapo linaweza kuua kiini.

Udongo wa kuoteshea usitoke bustanini ulikovuna nyanya au bilinganya. Humo mna mnyauko bakteria, na ukiingia kwenye ndoo umeingia. Chukua udongo wa msituni, samadi iliyooza hadi imepoteza harufu, na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kufikia kuwa majivu. Pumba hizo ni nyepesi, na juu ya paa kila kilo ina hesabu yake. Makapi ya chikichi tunayo tele, na yanafaa pia, ila yakae rundoni miezi kadhaa. Yakiwa mabichi yanawaka joto na kuiba naitrojeni ya mche. Mchanganyiko wote uupike kwa mvuke kwenye pipa lililokatwa, nusu saa tangu katikati ya rundo ifike nyuzi 70.

Panda mbegu kina cha nusu sentimita hadi moja. Nyanya huota siku ya tano hadi ya nane, pilipili hoho huchelewa hadi wiki mbili, na wengi humwaga trei ya hoho wakidhani mbegu zimekufa. Joto zuri la kuota ni nyuzi 25 hadi 30. Likipita 35 mbegu nyingi hugoma. Kwa hiyo trei zikae kwenye kona yenye neti ya kivuli inayozuia asilimia 40 ya mwanga, isizidi sana hapo, maana mche uliokosa mwanga hurefuka na kulala. Zikishaota, anza kupunguza kivuli.

Hapa ndipo kinyaushi kinapoingia, na ndicho kinachoua miche mingi kuliko kitu kingine chochote baada ya joto. Utaukuta mche umelala asubuhi, majani bado ya kijani. Ushike uutazame karibu: pale shina linapogusana na udongo pamebonyea, pamekuwa pembamba kama uzi uliolowa. Ni ukungu wa udongoni, na mara nyingi anayeukaribisha ni yule anayemwagilia jioni akitoka kazini. Mwagilia asubuhi, uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Tumbukiza kidole hadi kiungo cha kwanza: kama kuna unyevu, acha. Na yale maji yaliyolala kwenye bomba jeusi juu ya paa, ukifungua saa saba mchana yanatoka ya kuogea mgonjwa. Yaache yatiririke kwenye ndoo kwanza.

Wiki ya nne au ya tano, mche ukiwa na unene wa penseli, uhamishie kwenye ndoo yake. Siku saba kabla punguza maji na uanike kwenye jua la asubuhi, uzoee.

Kila nikifundisha haya kwa vijana, kuna mmoja wa nyuma atauliza, wenzake wakicheka kichinichini, kama na "yale majani mengine" yanakubali huko juu. Namjibu bila kucheka. Bangi kwa Tanzania ni mmea uliokatazwa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na haijalishi ni ekari moja Kasulu au mche mmoja kwenye ndoo ya rangi. Kulima ni kosa la jinai, adhabu inaweza kufika miaka 30 jela, na mwenye nyumba anayeruhusu paa lake litumike anaingia matatani vilevile. Uliyoyaona kwenye video ni ya nchi ambako sheria ni nyingine. Kama kuna ndugu aliyezama kwenye matumizi, mpelekeni hospitali ya mkoa aonane na watu wa afya ya akili. Hilo nalo linatibika.

Turudi kwenye nyanya. Faida ya kitalu hiki inaonekana wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, ambapo nyanya za mashambani zinaliwa na bakajani na ndoo sokoni inapanda bei. Vimelea vya bakajani vinahitaji jani lililolowa. Chini ya nailoni jani linabaki kavu. Kwa hesabu hiyo trei zinaanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Maua yakitoka, kumbuka nyuki hawaingii kwenye neti: nyanya hujichavusha yenyewe, lakini inataka kutikiswa. Pigapiga kamba zinazoshikilia mimea kila siku saa tatu au saa nne asubuhi, chavua ikiwa kavu. Matango ya kawaida hayatakubali ujanja huo, yapande nje. Na mchana ukizidi nyuzi 35 siku kadhaa mfululizo, maua ya nyanya yatadondoka hata ufanyeje, ndiyo maana kipimajoto kinabaki kikining'inia pale hata baada ya miche kukua.

Kijana wa Mwanga alibomoa kuta zake za nailoni siku ile ile. Alinyanyua paa kwa mirunda mirefu, akaacha upenyo, akaomba neti kwa shangazi yake mwenye duka la pembejeo, akapaka chokaa. Niliporudi wiki tatu baadaye, saa nane ileile, ndani palikuwa na nyuzi 33. Trei mpya ilikuwa imeota, isipokuwa pembe moja iliyonyauka. Tukaikagua: kinyaushi. Alikuwa anamwagilia jioni.