Mjusi wa nyasi: usimpige, si nyoka

Kila msimu wa kufyeka hunifikia picha za “nyoka mwembamba mwenye mistari” aliyeuawa shambani. Nikiikuza picha naiona miguu, midogo kama vijiti vya kiberiti vilivyovunjwa, imelala ubavuni. Huyo ni mjusi wa nyasi, wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Chamaesaura, na inaniuma kila mara, kwa sababu hana sumu wala hamdhuru mtu.

Anaishi kwenye nyasi ndefu za nyanda za juu, hapa Tanzania na hata Kenya na Uganda. Ndugu yake wa Afrika Kusini, Chamaesaura anguina, alipewa jina la kisayansi na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, tangu 1758.

Cha ajabu kwake ni mkia. Mtazame vizuri: kichwa na kiwiliwili ni kama robo tu ya urefu wake, kilichobaki chote ni mkia. Mijusi waliopoteza miguu kwa ajili ya kuchimba udongo huwa na mkia mfupi. Huyu hachimbi. Anapita katikati ya mashina ya nyasi kwa kujipinda, na mkia ndio unaosukumana na mashina hayo. Magamba yake yana matuta makali yaliyojipanga kwa safu. Ukipitisha kidole kuelekea kichwani yanakwaruza. Miguu humsaidia akiwa ametulia au anakwenda polepole, basi.

Mkia ukishikwa hukatika, kama kwa mijusi wengine, na baadaye humea tena. Lakini mjusi wa ukutani aliyekatika mkia bado ana miguu minne ya kukimbilia. Huyu wetu amepoteza karibu mwendo wake wote, na kuuotesha upya ni kazi ya muda mrefu.

Hutulia akivizia panzi na wadudu wengine. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai.

Utamjuaje? Nyoka hafumbi macho, huyu ana kope. Nyuma ya taya ana tundu la sikio, ambalo nyoka hana. Hayo mawili yanatosha hata kama miguu imefichwa na nyasi.

Adui wake mkubwa ni moto wa kiangazi, kwa kuwa hana shimo la kukimbilia. Wafugaji wanaochoma ili yachipue majani mabichi, nawaomba wachome kwa vipande, mwaka huu upande mmoja na mwaka ujao mwingine, ili waliosalimika warudi wenyewe kwenye nyasi zilizoota upya.